Hodi Kutoka Port Melisi

Hebu fumba macho kidogo, ujenge picha hii. Ni jioni, Tunduma. Malori yamejipanga barabarani mpaka huko nyuma usikoona mwisho, yanasubiri kuvuka kwenda Zambia. Madereva wameshuka, wanachemsha chai kando ya matairi. Vumbi limetulia. Sasa panda nami njia ya udongo, mkono wa kushoto, upite duka la Sabra, ufike kwenye nyumba ndogo yenye mlango wa bluu. Ndani hawajawasha taa. Lakini ukutani kuna mwanga. Mwanga mweupe, mkali, wa saa sita mchana.

Usishangae. Unatoka kwenye kompyuta iliyo mezani. Huku kwetu giza linaingia, na kule upande wa pili wa dunia, kwenye kisiwa cha bahari ya Karibi, jua liko utosini. Mbele ya mwanga huo ameketi mwanamke. Jina lake Ketrina. Umwangalie vizuri, maana hadithi hii ni yake.

Kazi ya Ketrina wengi mtaani hawakuielewa, nami nitakueleza taratibu. Siku hizi kuna watu wanaofanya kazi kwa kompyuta tu. Hao wanaweza kuishi popote, mradi pana umeme na mtandao. Ipo kampuni ya nje inayowashauri waende wapi. Kampuni hiyo humpa Ketrina jina la mji, naye husoma habari zake, huwapigia simu wenyeji, hukagua nyumba kwa kamera ya simu, kisha hutoa alama kati ya moja na kumi: umeme, mtandao, maji, usalama, nyumba. Ameshaandika kuhusu miji mingi. Hajawahi kupanda ndege wala kuiona bahari kwa macho yake.

Jioni hiyo alikuwa ameshuka dukani kwa Sabra kununua bando. Sabra ni mzaliwa wa Tanga, alikuja Tunduma na biashara, na hamwachi mtu apite bila kumtania.

"Da Keti, leo unasafiri nchi gani?"

"Karibi. Kisiwani."

"Basi uniletee samaki. Wa huku wanafika wamechoka kuliko mimi."

Dereva wa Kizambia aliyekuwa ananunua mkate alicheka, ingawa haikujulikana kama alielewa. Ketrina hakucheka. Si kwamba alikasirika. Mumewe, Amoni, alikuwa dereva wa lori, na lori lake liliacha njia kule upande wa Nanyala mwezi wa mvua kubwa. Tangu azikwe, moyo wa Ketrina ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini ukiubana hausikii kitu.

Kimoja tu bado kilimgusa, na kwa mbali. Mama yake, Bi Enesi, alikuwa ameteremka kutoka Igamba kuja kukaa naye. Kila asubuhi mama alikumbusha habari ya shamba lake. "Kahawa zinaiva, Ketrina. Zikianguka chini nani ataziokota?" Lakini hakuondoka. Alisema ataondoka siku binti yake atakapoweza kulala peke yake. Na Ketrina, kila aliposikia neno kahawa, aliogopa kidogo. Akimpoteza na mama, hakuwa na mtu mwingine.

Basi akarudi nyumbani, akaweka bando, akavaa visikilizio masikioni. Mama alikuwa jikoni, anachochea mkaa. Mji wa siku hiyo uliitwa Port Melisi.

Mji ule ulikuwa na shida. Watu wenye silaha walishikilia mitaa ya chini, karibu na bandari. Shule zilikuwa zimefungwa, na wenyeji wengi walihama na magodoro vichwani. Lakini mitaa ya juu kilimani ilikuwa bado na utulivu. Nyumba zilikuwa na umeme wa jua, mtandao ulikuwa wa kasi, na dirishani ilionekana bahari. Kampuni ilitaka kujua jambo moja: je, mtu anaweza kwenda kuishi pale, afanye kazi zake kwa amani? Ketrina alikuwa ameshaandika usalama tatu, mtandao nane. Ilibaki nyumba.

Mwenye nyumba akatokea kwenye kioo. Alikuwa mwanamke wa makamo, uso mwembamba, jina lake Odeti. Alizungumza Kiingereza cha polepole. Aligeuza kamera ya simu yake akaanza kumtembeza Ketrina ndani. Sebule. Sakafu ya vigae. Pazia jeupe linacheza na upepo.

Kwenye kila mlango, Odeti alisimama. Alibisha. Alisubiri kidogo. Ndipo akafungua.

Vyumba vyote vilikuwa vitupu.

Ketrina aliuliza kama kuna mtu anaishi humo. Odeti alisema hakuna. Aliuliza sasa mbona anabisha. Odeti alijibu kwamba ni adabu tu.

Akamuuliza swali ambalo huwauliza wote: kwa nini unahama? Ni kwa sababu ya wenye silaha? Odeti akalishika pazia, akalituliza. Kisha akasema, "Hapana. Jioni moja mama yangu alimfungulia mtu. Baada ya hapo tuliendelea kuishi wawili, mimi na yeye. Lakini mama nilikuwa simwoni tena."

Ketrina alidhani ni maneno ya msiba. Naye alikuwa na msiba. Hakuuliza zaidi. Aliandika: nyumba, nane.

Ukabaki mlango mmoja, wa nyuma, mwishoni mwa ukumbi. Odeti aliufikia taratibu kuliko mingine. Akabisha.

Ukabishwa kutoka ndani.

Odeti akarudi hatua moja nyuma. Hakufungua. Picha ilibaki kwenye ule mlango, mbao zake zimevimba kwa unyevu. Kukawa kimya... kimya... Kisha, kwenye visikilizio, karibu kabisa na sikio, sauti ya taratibu, kama ya mtu aliyetembea mbali sana, ikasema kwa Kiswahili.

"Hodi."

Nawe unajua ilivyo kwetu. Neno hili tumelijua kabla ya kujua kutembea. Unaosha vyombo, unamvua mtoto shati, mtu anasema hodi, na mdomo wako unajibu kabla hujainua kichwa. Hatuhitaji kufikiri. Hatuhitaji hata kumwona.

"Karibu," Ketrina akasema.

Odeti akageuza kamera kwenye uso wake mwenyewe. Alikuwa analia, na alikuwa anatabasamu. Alisema maneno mawili tu, asante na samahani, kisha akailaza simu sakafuni. Ketrina akaona dari. Akasikia miguu inakimbia, geti linagonga, halafu ndege wa mchana wa kule.

Kivuli kikapita darini. Hakikwenda upande wa geti.

Kilikuja upande wa kamera.

Kioo kikazima. Chumba kikawa na giza la Tunduma. Na pale kando ya mlango wa bluu, kiti cha plastiki kikalia, kama vile kinavyolia mtu mzito akiketi.

Mama aliingia na sinia. Juu yake kulikuwa na vikombe vitatu vya chai. Alikuwa amemsikia binti yake akikaribisha, akasikia na kiti, akaongeza kikombe. Alitazama chumbani.

"Mgeni wako yuko wapi?"

"Hakuna mgeni, mama."

Mama hakubishana. Aliweka kikombe cha tatu kwenye kigoda, karibu na kile kiti. Mvuke wake ulikatika papo hapo. Alipokigusa kwa kidole, kilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Na kulikuwa na harufu. Si ya kuoza, si ya moshi. Harufu ya kitu kibichi chenye chumvi, ambayo wote wawili hawakuijua.

Ketrina alimsimulia yote, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ulimuuliza yeye ni nani?"

"Hapana."

"Haya," mama akasema. Akanywa chai yake.

Asubuhi, kiti hakikuwa mlangoni. Kilikuwa kando ya kitanda cha mama, kimeelekea mto wake wa kulalia. Ketrina alikirudisha. Mchana alipotoka uani alikikuta palepale tena, kimesogea kidogo zaidi. Mama alikuwa amelala, macho wazi.

Ketrina alijaribu kumpigia Odeti. Simu haikupatikana, siku hiyo wala zilizofuata.

Alishuka dukani kununua sukari. Sabra alimwinamia kwenye kaunta, akavuta pumzi, akasema, "Nilikuagiza samaki, da Keti, umeniletea harufu tu. Unanuka pwani kabisa. Umepata wapi bahari huku?" Ketrina alilipa akaondoka. Njiani alisimama karibu na lori moja, akajinusa mkono. Alitaka kuogopa. Woga haukuja.

Ulikuja jioni, tena kwa jambo dogo. Mama alikuwa anaanza maneno yake ya kila siku.

"Ketrina, zile..." akasema. Akasimama. "Zile zinazoiva. Nyekundu. Za kule nyumbani..."

Hakulipata neno. Alilitafuta usoni mwa binti yake kama mtu anayetafuta ufunguo, na hakulipata. Kiti cha plastiki kilikuwa nyuma yake, kimegusana na bega lake.

Hapo Ketrina akaelewa yule mwanamke wa Port Melisi alimaanisha nini. Moyo wake uliokufa ganzi ukachomwa mara moja, kama kwa sindano. Anachukuliwa. Mama anachukuliwa nikiwa namwangalia.

Alisema atamwita mchungaji. Mama alitikisa kichwa. Kwa dakika hiyo alikuwa yeye mwenyewe kabisa, Bi Enesi wa Igamba aliyelea mtoto na kuzika mume.

"Mchungaji anamfukuza aliyevunja mlango. Huyu ulimkaribisha. Mgeni wa kukaribishwa tunamsindikiza, hatumfukuzi. Ndivyo tunavyofanya na wengine, ndivyo tutakavyofanya na yeye."

Unajua tunavyosindikiza. Mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, unatembea naye mpaka njia panda, unamuaga kwa jina zuri. Na haondoki mikono mitupu. Mama alichota unga wa mahindi, akaufunga kwenye kitambaa cha maua ya manjano, akapiga fundo gumu, fundo lake la siku zote. Hicho ndicho kifurushi cha njiani. Alisema atamfikisha pale njia ya udongo inapokutana na barabara ya malori, atampa kifurushi chake mkononi, kisha atageuka na kurudi bila kutazama nyuma.

"Acha niende mimi," Ketrina akasema. "Mimi ndiye niliyemkaribisha."

"Ndiyo maana hutoki. Akikuona unatembea naye atadhani mnarudi wote." Mama alijifunga khanga ya pili mabegani. Akamshika binti yake kidevu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. "Sikiliza. Mimi naishi humu. Nikirudi sitabisha, nitasukuma mlango niingie. Ukisikia hodi, hata kwa sauti yangu, kaa kimya."

Kisha akageukia kile kiti, akasema kwa upole, kama anavyosema na mgeni yeyote, "Haya, mwenzangu, giza linaingia. Twende nikusindikize."

Kiti kikalia. Mlango ukafunguka. Mama akatoka, kifurushi mkononi, akitembea upande mmoja wa njia, kama anayemwachia mwenziwe nafasi.

Ketrina akafunga mlango. Akaketi chini, mgongo ukutani.

Jua lilikuwa limebakiza wekundu kidogo tu dirishani. Kutoka barabarani zilikuja sauti za kawaida. Injini ikiwashwa, mtu akicheka. Redio ya Sabra. Harufu ya chumvi ilikuwa imepungua, ikapungua tena... ikaisha. Chumba kilinuka mkaa na sabuni. Ketrina alianza kulia, polepole, bila sauti. Hakuwa amelia tangu ajali ya Nanyala.

Halafu miguu ikaja uani.

Ikasimama.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama. Ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

Ketrina akaziba mdomo kwa mikono miwili. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Hodi, mwanangu. Huku nje baridi."

Akauma kidole. Akahesabu mbao za dari. Akafikiria mambo yasiyo na maana, bando, sukari, mlango wa bluu na rangi yake inayobanduka.

"Ketrina?"

Kisha hapakuwa na kitu. Miguu ilirudi ilikotoka, ikafifia. Alingoja. Wekundu uliisha dirishani, na akajua amefanya alivyoambiwa.

Mlango ukasukumwa. Bila hodi.

"Nani?" akauliza, ingawa alikuwa ameshainuka.

"Mimi."

Alikuwa mama. Khanga ya pili mabegani, vumbi miguuni, uso umechoka. Aliingia kama mtu anayeingia kwake. Ketrina alimkumbatia, naye alikumbatiwa, na kwa muda mrefu hakutaka kitu kingine chochote.

Mama alijitoa taratibu. Akaenda mezani, akaweka kitu alichokuwa amebeba.

Kitambaa cha maua ya manjano. Fundo gumu, halijafunguliwa.

"Mbona hukuitika?" akauliza. "Nilibisha."

Ketrina alikitazama kifurushi. Kilikuwa cha mgeni. Kingekuwa mkononi mwa mgeni... Alitaka kuuliza tena, wewe nani. Swali lilikuwa fupi, lilikuwa tayari. Lakini kama akiuliza, atajibiwa. Na mama yake alikuwa amesimama pale, mwenye uso wa mama yake, anavua khanga.

Hakuuliza.

Siku chache baadaye Yesaya, jirani wa shamba kule Igamba, alipiga simu. Alisema kahawa za Bi Enesi zinaanguka chini, wachumaji wanamngoja, je atakuja lini. Ketrina akampa mama simu. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kahawa gani?" akasema.

Tangu hapo hajasema tena habari ya kurudi nyumbani. Hasumbui. Anapika, anafua, anaitikia akiitwa. Jua likizama huchukua kiti cha plastiki, akakaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, uso umetulia, kama mtu anayeota jua la mchana. Ketrina huketi nyuma yake. Moyo umerudi kuwa ule mkono uliolaliwa. Amepata alichokitaka, hakuachwa peke yake, na hasikii kitu.

Siku nyingine njia panda, madereva wa malori husema wamemwona bibi mmoja amesimama ukingoni jioni, anamuuliza kila anayepita njia ya kwenda nyumbani kwake. Wakimuuliza ni wapi, anasema ni mahali penye vitu vyekundu vinavyoiva. Ketrina alisimuliwa na Sabra. Alishuka kutazama. Hakumkuta mtu, na aliporudi, mama alikuwa amempakulia chakula.

Kampuni ilimshukuru kwa habari za Port Melisi. Ikamletea kazi mpya, nyepesi. Yupo mtu wa Dodoma, kijana anayefanya kazi kwa kompyuta, anatafuta mji mdogo wa mpakani wenye mtandao mzuri na gharama ndogo. Je, Tunduma panafaa? Na kuna nyumba?

Ketrina alijibu kwamba panafaa. Nyumba ipo, yenye mlango wa bluu.

Kesho jioni atamtembeza humo kwa kamera ya simu. Juzi na jana amekuwa akifanya mazoezi. Anasimama kwenye kila mlango wa nyumba yake. Anabisha. Anasubiri kidogo. Ndipo anafungua.

Mimi sina zaidi ya hapo. Ila nakuomba, wewe uliyenisikiliza kwa utulivu, ukumbuke kitu kimoja tu. Siku ukisikia hodi na humwoni anayeisema, usikimbilie kukaribisha. Uliza kwanza ni nani.

Na akikujibu "mimi", uliza tena.